Tulilipa chanjo ya ngulube ambayo haiko

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua imeanza kuzoea. Kijana mmoja aliingia na pikipiki katika kambi yetu, upande wa Likasi. Alivaa kabuti nyeupe ya docta, na nyuma ya pikipiki alifunga sanduku ndogo ya baridi, ile watu wanatilia chanjo za watoto. Alisimama karibu na robine, pale ba mama wanachotea maji, akasema yeye ni veto, kwamba ugonjwa wa ngulube umeisha kuingia, na kwamba yuko na chanjo yake. Franka 5,000 kwa ngulube kubwa, 2,000 kwa ndogo. Kesho yake asubuhi watu walimungojea wamesimama mustari, pesa mukononi, sawa vile siku ya malipo.

Sisi tunaoandika hapa ni watu wa sendika. Hakuna mashine inayoshuka mu shimo bila sisi kuuliza karatasi yake, na kapita anatuchoka kwa sababu hiyo. Lakini yule kijana hatukumuuliza karatasi hata moja. Wawili kati yetu tulilipa pamoja na wengine. Tunaanza na hilo ili mutu asidhani tunaandika kwa kusema wengine tu.

Mutu wa mbali anaweza kushangaa: sendika ya mine na ngulube, wapi na wapi? Aje atembee nyuma ya nyumba zetu. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini katika ule mupango wa « départ volontaire », baba zetu wengi walirudi nyumbani na pesa kidogo, wakanunua jembe, kuku, na ngulube moja ya kike. Ile pesa iliisha. Ngulube ilibaki, ikazaa, na watoto wake wakazaa. Leo sisi tuko na kazi kwenye kampuni zingine, lakini mushahara unaweza kuchelewa, kontrati inaweza kukatika kwa karatasi moja. Njo maana kila mutu yuko na kibanda chake cha ngulube kwenye lupango.

Na hesabu yake ni nzuri kuliko ya benki. Ngulube inabeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wazee wanavyohesabu. Inazaa watoto nane, kumi, wakati mwingine zaidi. Inakula pumba ya mahindi, masapo ya munkoyo, drèche ya pombe ukiweza kuipata, bukari iliyobaki jioni. Mwisho wa mwezi wa nane unauzisha mbili, watoto wanaingia masomo mwezi wa tisa na makayé. Mwezi wa kumi na mbili unauzisha ingine kwa Noeli. Mama mmoja wa kambi yetu alisomesha binti mpaka akapata diplome ya Serikali, na yeye mwenyewe anasema: « Ile ngulube njo ilisoma. »

Siku tisa baada ya sindano, ngulube ya kwanza ilikataa kula.

Ilikuwa na moto mwilini, ukiigusa nyuma ya masikio unasikia. Ililala kwenye kona, zingine zikaja kulala juu yake kama zinatafuta joto. Kesho yake masikio yakawa mekundu, halafu rangi ya zambarau, kiisha tumbo na miguu ya nyuma. Ilihara damu. Siku ya nne ilikufa. Jirani yake alikuwa na ngulube ya kike yenye mimba: ilitoa mimba usiku, asubuhi ikakufa pia. Kisha hapo hatukuhesabu tena siku, tulihesabu milango. Katika wiki tatu, kwa ngulube 61 zilizokuwa kambini, zilibaki tisa.

Watu walisema ni sumu. Wengine walisema ni vumbi la mine, na kusema kweli sisi wa sendika tulipenda kuamini hiyo, kwa sababu mambo ya vumbi tunayajua kuyaandikia barua. Wengine walisema ni mutu wa jicho baya, wakaanza kutaja bibi mmoja muzee ambaye ngulube zake hazikukufa. Tutarudi kwake.

Tulimuita veto wa Serikali, mutu ambaye tunamujua tangu zamani. Alikuja kwa pesa yetu ya tiketi, maana hakuna mafuta ofisini kwake. Alifungua mbele yetu ngulube moja iliyokufa asubuhi. Wengu ulikuwa mukubwa kuliko kawaida, mweusi, unapasuka kwenye vidole kama ini iliyooza. Alichukua kipande, akachukua damu, akatia kwenye barafu ya kweli. Jibu la labo lilirudi: homa ya nguruwe ya Afrika, ile inaitwa « peste porcine africaine », PPA.

Tulimuuliza swali moja tu: « Ba docta, sasa ile chanjo haikufanya kazi kwa nini? »

Alitutazama. « Chanjo gani? Hii ugonjwa haina chanjo hapa Congo. Haijakuwa nayo hata siku moja. »

Kichupa kimoja kilikuwa kimebaki kwenye majani karibu na robine. Karatasi ilitolewa, lakini kipande kilibaki, na veto alisoma herufi chache: oxytétracycline. Ni dawa ya mikrobu, inatibu vidonda na mapafu. Virusi haiisikii. Ni kama kupaka mafuta ya mashine kwenye mutu aliyevunjika mufupa.

Hapa inafaa tueleze kwa nini watu wenye akili walidanganyika, maana hatukuwa wajinga bure. Kuna ugonjwa mwingine wa ngulube, ba veto wanauita « rouget ». Huo pia unatia ngozi wekundu na moto mukali. Lakini huo ni wa bakteria, penisilini inaumaliza, na chanjo yake iko. Kwa hiyo kila kambi iko na mutu mmoja anayekumbuka ngulube yake nyekundu iliyopona kwa sindano. Kisha kuna « peste porcine classique ». Ukisikia jina unadhani ni ndugu ya PPA. Hapana. Ni virusi ingine kabisa, na ile iko na chanjo nzuri inayotumika katika nchi mingi tangu miaka mingi. Mutu akisikia « chanjo ya peste porcine iko », hasemi uongo. Lakini ile chanjo haifanyi kitu kwa PPA. Neno moja, magonjwa mawili, na katikati yake pesa za watu zinapotea.

Jambo lililotuumiza zaidi tulilijua baadaye. Siku ya yenga, tulikaa na karatasi, sawa vile tunavyofanya kisha aksida: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuja mbele ya nani. Tuliandika mustari wa nyumba ambazo yule kijana alipita, moja kwa moja. Pembeni tuliandika siku ambayo kila nyumba ilipata ngulube ya kwanza kuugua. Veto alikuwa ametuambia kwamba kati ya virusi kuingia na ugonjwa kuonekana zinapita siku 4 mpaka 19. Na alikuwa ameuliza swali ambalo hatukulielewa mara moja: « Alikuwa anabadilisha sindano? »

Hapana. Sindano ilikuwa moja. Aliipanguza na pamba, akaenda kwa ingine.

Mwenye nyumba ya kwanza, tulipomuuliza mbele ya wote, alinyamaza mpaka bibi yake akasema kwa niaba yake: asubuhi ile ngulube yao moja haikuwa imekula. Njo maana walimuita docta aanze kwao. Damu ya ngulube iliyo na hii virusi imejaa nayo. Tone linalobaki kwenye sindano linatosha. Karibu nyumba zote alizopita baada ya ile zilianguka ndani ya wiki mbili. Hatuwezi kusema ni sindano peke yake. Nyumba tano ambazo hazikulipa chochote zilipoteza ngulube pia, kwa sababu ngulube zetu zinatembea, zinakula pamoja kwenye jalala. Lakini tulilipa franka 5,000, na pengine tulinunua nayo ugonjwa wenyewe.

Yule kijana hatujamuona tena.

Sasa, kwa nini chanjo haiko? Swali hili watu wanatuuliza kila siku, na wengine wanajibu wao wenyewe kwamba wazungu hawajali ngulube za Afrika. Zamani pengine ilikuwa hivyo. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1921, na veto mmoja, Montgomery, kule Kenya, kwa sababu ngulube ambazo masetla walileta kutoka Ulaya zilikuwa zinakufa. Virusi ilikuwa huku tangu zamani kabla yao, kwa ngiri, bila kelele. Ngiri inaipata ikiwa mutoto mu shimo lake, kwa kuumwa na kupe laini zinazokaa mule ndani, na haiugui. Kupe hizo zinaweza kuchunga virusi miaka. Ngulube ya nyumbani njo haiwezi kuivumilia.

Lakini mwaka 1957 ugonjwa ulitoka Angola, jirani yetu hapa, ukafika Lisbonne, kwa mabaki ya chakula cha ndege ambayo ngulube za karibu na uwanja zilipewa. Tangu siku hiyo wazungu walijali sana. Wareno walitengeneza chanjo miaka ya 1960 mwanzoni, wakachoma ngulube mingi sana. Ilikuwa virusi yenyewe iliyopunguzwa nguvu. Ngulube mingi ziliugua kutokana na chanjo: mapafu, vidonda vya ngozi, miguu kuvimba, mimba kutoka. Zingine zilibaki hai na virusi mwilini, zikaambukiza zingine polepole. Waliiacha. Kwa hiyo ile hadithi ya sindano inayoleta ugonjwa haikuanza kambini kwetu.

Shida ni kwamba virusi hii ni kubwa, iko na jeni zaidi ya 150, na mwili wa ngulube hauwezi kutengeneza kirahisi ile kinga ya damu ambayo chanjo zingine zinaamsha. Tena iko na aina zaidi ya 20. Mwaka 2007 aina moja, ile ya II, ilivuka bahari kutoka upande wa kusini-mashariki ya Afrika, ikaingia Georgia. Kutoka pale ilipita Urusi, mwaka 2018 ikafika China, mwaka 2019 Vietnam, ambako ngulube karibu milioni 6 zilikufa ama kuuawa katika mwaka ule mmoja. Hapo njo pesa ya utafiti ilitoka kweli. Wataalamu wa Marekani walichukua ile virusi ya Georgia, wakatoa jeni moja, na kampuni ya Vietnam ikatengeneza nayo chanjo. Iliruhusiwa mwaka 2022, ikasimamishwa mwezi wa nane mwaka ule ule kwa sababu ngulube zilikufa mahali ambako haikutumiwa kama ilivyoandikwa, kisha ikarudi. Mwaka 2023 serikali ya Vietnam iliruhusu chanjo mbili katika nchi nzima.

Kwa hiyo mutu akikuambia « chanjo iko Vietnam », anasema kweli. Lakini ilitengenezwa juu ya aina ya II. Huku kwetu Congo kuna aina zingine: kule Uvira, mu Kivu ya Kusini, watafiti waliandika aina ya X. Chanjo ya aina moja hailindi vizuri kwa ingine. Na ile chanjo ni virusi hai, inaomba baridi isiyokatika, veto anayefuata ngulube baada ya kuchoma, na Serikali inayojua iko wapi. Mutu wa pikipiki mwenye sanduku isiyo na barafu hawezi kuwa nayo. Akisema yuko nayo, muulize karatasi, namba ya kichupa, na jina la ofisi ya Elevage iliyomutuma. Kama hana, asiingie mu lupango.

Veto alipomaliza kutuambia hayo, mmoja wetu alikasirika: « Basi tubaki kuangalia tu? » Yeye akajibu kwa kutuuliza sisi: mu shimo, muko na sindano ya kuzuia jiwe kuanguka juu ya kichwa? Tukacheka. Tuko na kasike, buti, taa, mbao za kushikilia juu, na sheria kwamba mutu haingii mahali hapajakaguliwa. Akasema na ngulube ni vile vile.

Twende sasa kwa yule bibi muzee. Ni mujane, ngulube zake ni nne, na ni kati ya zile tisa zilizobaki. Siku ya sindano hakuwa na franka 5,000. Hiyo tu. Kibanda chake ni cha tole za zamani, zimefungwa mpaka chini, kwa sababu aliogopa wezi. Ngulube zake hazitoki. Hakuna mutu anayeingia, yeye mwenyewe anaacha kambambili zake za inje kwenye mulango na kuvaa zingine za ndani, kwa sababu hapendi kinyesi kuingia nyumbani. Na chakula cha ngulube anakichemsha, kila siku, kwenye kikopo kikubwa cha mafuta, mpaka kinatokota muda murefu, kwa sababu mume wake alimufundisha hivyo. Jicho baya liko wapi hapo? Tulienda kumuomba musamaha kwa niaba ya kambi. Alisema: « Banangu, mi sikujua kitu. Mi nilikuwa tu masikini na mwoga. »

Kuchemsha njo jambo la kwanza. Virusi inakufa nyama ikifika joto la digri 70 na kukaa hapo nusu saa; kwa jiko la makala, maana yake ni kutokota kabisa nusu saa, si kupasha. Bila hivyo inaishi miezi katika nyama iliyokaushwa ama kutiwa chumvi, na katika nyama ya friji inaishi zaidi. Binadamu haimugusi. Unaweza kula nyama ile na usiugue hata kichwa. Lakini mufupa unaotupa, maji uliyosafishia sufuria, kisu ulichokatia, vyote vinabeba.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo lilitugawanya, na bado linaumiza. Wakati ngulube zilipoanza kuanguka, watu waliuzisha. Haraka, usiku, kwa bei ya kutupa. Walichinja zile zilizokuwa zimeanza kuugua, wakapeleka nyama sokoni kabla habari haijafika. Mmoja wa delege wetu alifanya hivyo. Alikuwa na nne, aliuzisha tatu kwa usiku mmoja. Wiki mbili baadaye ugonjwa ulikuwa umefika kwenye vijiji viwili vya barabara ile nyama ilikopitia. Kwenye mukutano wengine waliomba atoke mu kamati. Alisimama, akasema: « Munihukumu. Lakini munisemee kwanza: kama ningeita veto, angeniambia nini? Angeniambia nizike. Minerivali ya watoto ingetoka ndani ya kaburi? » Hakuna aliyejibu. Wengi waliokuwa wanamusema walikuwa wameuzisha pia.

Hatukumutoa. Tulibaki na swali lake mpaka saa moja ya jioni.

Kwa sababu yuko na haki upande mmoja. Ugonjwa huu unasimamishwa na mutu mmoja tu: yule anayesema siku ya kwanza. Ukisema siku ya kwanza, unafunga lupango moja, unazika ngulube mbili, na kambi inapona. Lakini yule anayesema njo anayepoteza vyote, na yule anayenyamaza anabaki na pesa kidogo mufukoni. Mpango wa namna hiyo unafundisha watu kunyamaza. Sisi wa mine tunaujua: ukimukata mushahara mutu aliyetangaza aksida, mwezi ujao hakuna aksida kwenye karatasi, na watu wanaendelea kuumia.

Nchi zilizoshinda ziliona hivyo. Hispania ilikaa na ugonjwa tangu 1960. Mwaka 1985 walianza mupango mukubwa: timu za veto zinapita shamba kwa shamba, damu inapimwa, mabanda yanajengwa upya, na mwenye ngulube inayouawa analipwa. Mwaka 1995 waliumaliza. Bila chanjo hata moja. Kule Haiti ilikwenda namna ingine. Ugonjwa ulifika mwisho wa mwaka 1978, na kati ya 1982 na 1983 ngulube za kienyeji, zile nyeusi za wakulima, ziliuawa karibu zote, kwa pesa za nchi za inje. Ugonjwa uliisha, ndiyo. Lakini wakulima wengi walilalamika kwamba malipo hayakuwafikia, na ngulube zilizoletwa kutoka Marekani ziliomba sima, tole na chakula cha kununua, kuliko mwenyewe mwenye nyumba. Mukulima alipoteza benki yake, na mpaka leo wazee wa kule wanazungumza juu ya ngulube zile nyeusi.

Sisi hatuna pesa ya Hispania, na katika kambi yetu hatujawahi kuona mutu analipwa kwa ngulube yake. Kwa hiyo tulianza na kile tunachojua, likelemba. Kila mwenye ngulube anatia franka 1,000 kwa mwezi, kwa kila ngulube kubwa. Sanduku linashikwa na ba mama watatu, hakuna mwanaume, hiyo ilipigiwa kura na haikuwa karibu. Mutu akiona ngulube haili, anasema siku ile ile kwa delege wa mustari wake. Lupango linafungwa, hakuna kitu kinachotoka, tunaita veto. Kama ni PPA, ngulube inazikwa ndani kabisa pamoja na chokaa, kibanda kinasuguliwa na maji na sabuni kwanza, kisha kinamwagiwa soda kali ama javeli, maana dawa haiui kitu juu ya kinyesi. Na mwenye ngulube anapewa pesa ya kununua watoto wawili, wakati veto ataruhusu kibanda kijazwe tena. Aliyeuzisha kwa siri hapati kitu.

Si malipo kamili. Watoto wawili hawalingani na ngulube ya kike yenye mimba, na mutu wa ngulube sita akipoteza zote sanduku litalia. Nyumba kumi na nne hazijaingia bado. Zinangoja kuona kama mutu wa kwanza atalipwa kweli. Tunazielewa.

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na moja ya asubuhi, kabla ya basi ya kazi, mutu aligonga kwa delege wetu, yule yule aliyeuzisha. « Yaya, yangu moja haikukula jana jioni. » Ilikuwa mara ya kwanza mutu kuja mwenyewe. Lupango lilifungwa mbele ya watoto kwenda masomo. Veto alifika saa nane ya mchana, akapima moto, akafungua mudomo, akachukua damu. Jibu lilikuja siku ya posho: hakuna PPA. Ilikuwa minyoo. Sanduku lililipa dawa na tiketi ya veto, na watu wawili walinung'unika kwamba pesa imetumika bure. Ba mama watatu waliwajibu vizuri, hatutaandika hapa maneno yote.

Inabaki kantini. Kampuni inawapa wafanyakazi mabaki ya jikoni kwa ajili ya ngulube, na ni jambo zuri, tuliliomba sisi wenyewe miaka iliyopita. Lakini ndani mule kuna sosisi na jambo kutoka inje ya nchi, na ndoo zinatoka bila kuchemshwa, zinaingia lupango ishirini kwa siku moja. Tumeandika barua: jiko moja la mabaki liwekwe nyuma ya kantini, na mutu mmoja alipwe kwa kuyachemsha nusu saa kila jioni. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri tarehe 4. Hatujapata jibu. Iko ya tatu kwenye mambo ya mukutano wa mwezi ujao, baada ya buti na masaa ya usiku.